Mwalimu Georgette na Somo la Jina

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni redio yenu ya mji wa Baraka, na anayezungumza nanyi ni Darius. Leo tunamkumbuka Mwalimu Georgette Wabiwa, wa maternelle, darasa la watoto wadogo, pale kijijini Lweba. Tulimzika juzi. Nasema Mwalimu Georgette wa Lweba, mke wa mzee Anatole.

Alifundisha watoto wa miaka minne na mitano, watoto wa wavuvi na wakulima wasio na kitu. Watu walimcheka. "Batoto ba vile banajifunza nini? Banaenda kucheza tu!" Lakini alikuwa na somo moja ambalo hakuliruka hata siku moja. Kila asubuhi mtoto anasimama, mikono chini, anasema kwa sauti: jina langu, jina la baba, kwetu. Akimaliza, darasa zima linampigia makofi matatu. Mimi nilikuwa katika darasa hilo. Makofi yale niliyapenda kuliko uji.

Mwezi wa kumi, mwaka 1996, vita vikatufikia. Tukatawanyika. Mimi nilivushwa ziwa na watu nisiowajua mpaka Kigoma, Tanzania. Kambini wakaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasimama, mikono chini, nikasema yote matatu. Baada ya wiki mbili mama alinipata. Watoto tisa wa darasa lile tulipotea, na wote tisa tulirudishwa kwa sababu ya somo lile. Wote tisa tumesoma, na wawili leo ni wauguzi. Ningependa kipindi kiishie hapa, lakini hakiishii hapa.

Kulikuwa na Uwamwiza, miaka minne. Baba yake, Gasore, alikuwa mfugaji wa Bibokoboko, huko juu milimani. Hakuwa na pesa ya shule, basi alishuka na maziwa, darasa zima tukanywa. Siku ile ya kukimbia, watu wa milimani walikuwa wanasakwa barabarani wauawe. Mzee Anatole alikuwa ameshavuka ziwa. Mwalimu akamvika Gasore koti la mumewe, akampa na jina lake. Wakafika bariere, wao wawili na mtoto, pale wenye bunduki walipofunga barabara.

"Huyu ni bwana yangu, Anatole," Mwalimu akasema.

Mwenye bunduki hakuwa na hakika. Akainama kwa mtoto. Akauliza kwa upole, wasikilizaji, kwa upole kabisa: "We mutoto, jina lako nani?"

Uwamwiza akasimama, mikono chini. "Jina langu Uwamwiza. Baba yangu Gasore. Kwetu Bibokoboko."

Kisha akamgeukia Mwalimu, akangoja makofi.

Gasore aliuawa palepale, kando ya barabara. Mtoto alikuwa anatazama. Mwalimu alipigwa, akaachwa. Alimbeba Uwamwiza siku tatu mpaka kwa shangazi yake, na shangazi akampokea mtoto, akamfungia Mwalimu mlango.

Watu waliporudi Lweba, Mwalimu alifungua darasa tena. Nyimbo zilikuwepo. Somo la jina alilifuta. Mzee Anatole ameniambia: "Mi nilimuambia, rudisha lile somo. Akanijibu, we hukukuwa pale."

Mwaka 1998, vita tena. Vainqueur, mtoto wa mama Marthe, wa darasa hilo jipya, akapotea kwenye umati uliokimbilia mitumbwi. Mtu mmoja alimwona kambini akiulizwa. Mama yako anaitwa nani? "Mama." Na baba yako? "Baba." Marthe alipofika, mtoto alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyejua wapi. Hajapatikana mpaka leo, nasema mpaka leo. Marthe alienda akasimama mlangoni kwa Mwalimu. "Ungemufundisha jina yangu tu," alisema. "Jina moja."

Nina hasira, sitaficha. Waliomuua Gasore hawajaulizwa jina lao hata siku moja. Aliyeulizwa maisha yake yote ni mwalimu wa watoto wadogo.

Juzi kaburini alikuja mwanamke na mtoto wake wa kiume, miaka minne. Alikuwa Uwamwiza. Miaka ishirini na zaidi Mwalimu alimtumia salamu, na hakujibu hata moja. Nikamuuliza kama ana neno.

"Mi nilijibu vizuri," akasema. "Hakunipigia makofi."

Nikainama kwa mtoto, mazoea tu. "We, jina lako nani?" Mtoto akanitazama, akafunga mdomo. Nikarudia. Akashika nguo ya mama yake.

"Anajua," mama yake akasema. "Mi nimemufundisha asimuambie muntu."

Mzee Anatole, pole sana. Familia yote ya Lweba, poleni. Mama Marthe, kama unasikiliza, pole na wewe. Na nyinyi wenye watoto wa miaka minne, jioni hii kaeni nao, mfikirie mtawafundisha nini. Mtoto yule wa Uwamwiza akipotea kesho, hakuna atakayejua pa kumrudisha. Mimi niliyerudishwa kwa jina langu, nilisimama mbele ya mama yake, na nilishindwa kumwambia kwamba amekosea.