Nyanya Tuliyemtunga

Wenzangu, mmeniomba nisimame na nimesimama, ingawa mnajua mimi na kiti ni watu wa karibu. Majina sitataja.

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Shuleni wenzangu wakienda michezoni nilibaki bwenini nashona vifungo vya watu. Basi nikiwaambia nilikimbia nchi, mjue jambo lilikuwa zito. Hata basi huwa sikimbilii.

Kule kwetu Kenya niliishi miaka sita na mwanamke niliyempenda. Kwa majirani tulikuwa binamu. Lakini kwetu binamu ni lazima awe na ukoo: mtu atakuuliza wewe ni wa nani, mama yako alizaliwa wapi. Jumapili moja tukisukuma chapati tukajitungia nyanya. (Watanzania, nyanya ni bibi. Sizungumzii kachumbari.) Alizaa mabinti wawili, mama yangu na mama yake. Alikuwa mkali, mguu mmoja mbovu, na alikataa kuhamia mjini kwa sababu hakuamini choo cha ndani ya nyumba. Tulipotaka kusafiri pamoja, tulimfanya augue. Mwishowe tukamuua, na majirani wakaja kutupa pole na sukari na unga wa ugali. Nawaambia ukweli, tulilia kidogo.

Siku siri ilipojulikana, vyombo vyetu vilitupwa barabarani na mimi nikavunjwa mkono. Mwenzangu alikimbilia mji mwingine kwa dada yake. Mimi nikaishia huku Uingereza.

Sasa sikieni ujinga wangu. Kwenye mahojiano ya kwanza ya kuomba hifadhi, mkalimani alikuwa mzee wa kwetu, umri wa mjomba wangu, mpole. Akaniambia, "Mama, pole na safari." Afisa akauliza niliishi na nani. Mzee akanigeuzia swali kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa, na ulimi ukajibu kabla yangu: na binamu. Binamu wa upande gani? Mimi huyo, nikamfufua nyanya na mguu wake.

Mahojiano ya pili mkalimani alikuwa dada asiyenijua wala kunikumbusha mtu, nikasema ukweli. Barua ilipokuja, ombi lilikuwa limekataliwa. Hawakuamini kwamba mimi ni mwanamke anayependa wanawake. Kwanza nilisema binamu, kisha mpenzi. Tena sikujua hata mahali pamoja hapa Birmingham ambapo watu wa namna yangu hukutana. Jamani! Wangeniuliza duka la Balsall Heath lenye unga mzuri wa chapati, ningewachorea ramani.

Wakili wangu wa kwanza alisema kesi haina nguvu, akaiacha. Nikajifungia chumbani kwangu Perry Barr. Nikisikia Kiswahili kwenye basi nilishuka kituo kinachofuata, nikatembea kwenye mvua, kwa sababu anayezungumza lugha yangu ndiye atakayeniuliza mimi ni wa nani. Nilikuwa nasalimiana na birika. Kuna siku nilimwambia dereva asante, sauti ikatoka kama ya chura, nikahesabu nikakuta sijatamka neno kwa siku tatu.

Aliyenitoa yuko hapa, amekaa karibu na mlango, na asijifanye anatafuta kitu mkobani. Ni nesi. Alikuwa anapima mkono wangu uliounga vibaya, akasikia namna ninavyotamka Kiingereza, akajua ninakotoka. Nikageuka kutazama mlango. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Sikuulizi wewe ni wa nani. Nakuuliza umekula?"

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa wakili mwingine, binti mwenye ofisi Hockley, juu ya karakana ya pete. Muda wa rufaa ulikuwa unakaribia kwisha. Akalipitia faili langu ukurasa kwa ukurasa, akafika kwa nyanya, akasimama.

"Nieleze kuhusu huyu bibi."

Nikamwambia kwa aibu kwamba alikuwa uongo.

"Najua. Nataka uongo wote."

Nikamwaga wote, na mguu wa kushoto, na choo. Akaandika. Kisha akauliza ni nani mwingine duniani anayeujua.

Ndugu zangu, nilisikiliza mashine ya karakana ya chini ikisaga. Alikuwapo mmoja tu. Hatukuwa tumezungumza miaka miwili.

Nilipiga. Akapokea.

"Bado unaishi ndani kama konokono?" akaniuliza.

"Bado."

Nikamwomba aandike barua ya ushahidi. Huko aliko wanamjua kama mjane. Akasema ataandika, lakini akishatuma ataitupa laini ile, nisimtafute tena. Nikakubali. Sikuwa na haki ya kukataa.

Barua yake ilikuwa na kila kitu: mabinti wawili, ukali, choo, sukari ya matanga. Ila aliandika hivi: "Mguu ulikuwa wa kulia. Yeye alikuwa akisahau kila mara, na mimi nikimkanyaga chini ya meza."

Mahakamani jaji akaniuliza ulikuwa mguu gani. Nikamwambia, "Wa kulia, mheshimiwa. Yeye ndiye aliyekuwa na kumbukumbu." Hapo nikalia, mimi niliyeapa kutolia mbele ya watu.

Rufaa ilikubaliwa. Jaji aliandika kwamba binamu wa kweli hawahitaji kukanyagana ili wakubaliane mguu wa bibi yao.

Nilipoisoma barua ya jaji nilikaa kitandani na koti langu mwilini, nikapiga ile namba. Nilijua imefungwa. Nilipiga hivyo hivyo, mara tatu, nikamsikiliza yule mwanamke wa mashine akiniambia haipatikani.

Namshukuru nesi wetu. Namshukuru yule binti wa Hockley. Wa tatu hanisikii, na hajui kama tulishinda. Wenye kesi, mwambieni wakili wenu hata uongo mliosema, maana huko ndiko mlikokuwa mmeficha maisha yenu. Na kama kuna mtu hapa ana mtu wake mahali, na namba yake bado inaita, atoke nje sasa hivi akapige. Tutamngoja. Chai haijaanza hata kuchemka.