Dari la Sylus, Moto wa Immaculate

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Sylus toka hapo mlangoni, unanizibia mwanga kidogo uliobaki baada ya ukungu huu kumeza mlima wote wa Chawia. Kaa kwenye kile kigoda. Immaculate, wewe kaa hapa kitandani, miguuni pangu. Najua hamtaki kukaa karibu, ndiyo maana nimewapanga mwenyewe kabla hamjaanza kutafuta visingizio. Mama yenu Wakio yuko hapa kando yangu alipo siku zote, na Mzee Kitonga, jirani yetu wa shamba la chini, amepanda kutoka joto la Voi akitetemeka ndani ya makoti mawili ili awe shahidi, kwa maana Mkamba huyu akishasikia neno hakuna wakili wa kumsahaulisha. Cheka tu, Kitonga. Leo nimeruhusiwa kusema chochote.

Daktari aliponiambia nirudi nyumbani nikapumzike, alimtazama mama yenu badala ya kunitazama mimi, nikajua mambo yamefika hapo. Sina huzuni kubwa. Nimekula kimanga cha mama yenu, muhogo na maharagwe aliyoyaponda mwenyewe, maisha yangu yote, nimewalea nyinyi wawili mkakua na akili zenu, nimewafukuza ndovu shambani nikiwa na debe na fimbo, na mara nyingine ndovu ndio walionifukuza mimi, Kitonga anajua, alikuwa mbele yangu akikimbia. Mtu akiondoka duniani na mambo kama hayo kifuani hajapunjwa.

Kinachoninyima raha ni yale magunia ya mahindi kwenye baraza. Sylus ameyaleta kutoka shamba la chini tangu Jumapili, ya magunzi, makavu, safi kabisa, na mpaka sasa yamekaa nje yakilambwa na ukungu kwa sababu gunia halipandi kwenye dari la jikoni kwa mikono ya mtu mmoja. Lazima mmoja awe juu ya ngazi avute, na mwingine awe chini asukume. Na watu wenye nguvu katika nyumba hii ni nyinyi wawili tu, na nyinyi wawili hamsemezani. Mmoja anapita baraza akiangalia angani, mwingine anapita akiangalia simu. Mahindi yakilowa, tutakuwa tumerudi pale pale tulipokuwa mwaka juzi, na safari hii mimi sitakuwepo kuwatafutia unga.

Mzee Kitonga hajui vizuri habari ya mwaka juzi, acheni nimweleze, na msinikatize. Nililazwa Voi wakati baridi ilikuwa imeanza kushuka hapa. Immaculate akapanda kumwona mama yake, akamkuta jikoni akipuliza kuni mbichi, machozi yanamtiririka. Akashikwa na huruma, akamnunulia jiko la gesi na mtungi wake, akaja nao kwa bodaboda ameukumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Nani atamlaumu? Mama yenu alifurahi mno, akawa anachemsha hata maji yasiyo na kazi apate tu kuona ule moto wa buluu. Mafiga yakapoa, paka akahamia juu yake akazaa. Na hakuna aliyekumbuka kwamba ule moto wa kuni ulikuwa na kazi ya pili. Moshi mnaoulalamikia hupanda kwenye dari, hupita kati ya magunzi, huyakausha na kumfukuza fukusi. Huku kwetu Julai hakuna jua la kuanika hata leso. Jua letu la kipupwe ni moshi.

Niliporudi kutoka hospitali nikanyoosha mkono darini, nikashika gunzi, likanimwagikia unga kichwani. Fukusi walikuwa wamemaliza hesabu yao. Yaliyobaki yalikuwa na ukungu wa kijani, hata nguruwe wa jirani aliyanusa akaondoka. Hapo ndipo Sylus aliposimama mbele ya wageni waliokuja kunipa pole, akasema dada yake na mambo yake ya mjini amemaliza chakula cha wazazi. Na Immaculate hakukaa na jibu, akasema kaka yake aliyapandisha yakiwa mabichi kwa kuwa aliogopa ndovu na hakuwa na subira ya kuyaanika kule chini. Wote wawili mlisema kweli, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Mngesema uongo mngekuwa mmesahau siku ya pili.

Tangu siku hiyo mama yenu amekuwa simu. Mnakaa meza moja, Immaculate anasema, mama, mwambie kaka chumvi iko hapo. Na chumvi iko mbele ya pua yake. Naye anasema, mama, mwambie nimeiona. Nilicheka mwanzoni. Sasa sicheki, inaniuma, na nawaambia mbele ya shahidi kwamba inaniuma kuliko hiki kifua.

Basi sikieni urithi wenu. Nimeuwaza nikiwa na akili timamu, na mama yenu ameukubali.

Shamba la juu na shamba la chini halitatenganishwa moja na jingine. Watakuja watu wa kuwashauri, watasema kaka achukue la chini, dada achukue la juu, na wengine watasema dada asipate kitu kwa kuwa ameolewa. Ndiyo, ameolewa, mahari yake tuliila, na wale mbuzi walikuwa wamekonda sitaki hata kuwakumbuka, lakini sikumuuza mtoto. Kila shamba mtakuwa nalo nusu kwa nusu, hapa na kule. Atakayebaki na la juu peke yake atakula ndizi na viazi mpaka achoke. Atakayebaki na la chini peke yake atavuna mwaka mmoja, na mwaka wa pili ndovu watavuna kwa niaba yake. Sisi Wataita tumeishi kwa mguu mmoja huku mlimani na mwingine kule bondeni, na njia ya kati tumeipanda na kushuka na mizigo kichwani tukiimba. Hiyo njia nawaachia pia.

Nyumba hii na kila kilichomo, pamoja na jiko la gesi, ni vya mama yenu mpaka atakapoona vinginevyo. Gesi ni nzuri kwa chai. Sijaikataa.

Lakini ile nyumba ya jikoni, na hapa Kitonga fungua masikio, nimeigawa. Mafiga na moto wake ni vya Immaculate. Dari na chochote kitakachowekwa juu yake ni vya Sylus. Mbona mnatazamana? Ndiyo mara ya kwanza mnatazamana tangu mwaka juzi, tazamaneni vizuri. Sylus, mahindi yako yatakauka kwa moto wa dada yako, na huruhusiwi kuuwasha bila kumwomba. Immaculate, sufuria yako itajaa kwa mahindi ya kaka yako, na huruhusiwi kuteremsha hata gunzi moja bila kumwomba. Ukiwa Voi kwa mumeo, Sylus atakupigia simu kila baridi inapoanza, aombe ruhusa ya kuwasha, nawe umpe. Ndiyo, Sylus, uombe. Haitakuua, mimi nimemwomba mama yenu mambo magumu kuliko hayo.

Sasa kazi za kipupwe, mzishike ili mama yenu asiwe anawakumbusha. Kuni zipasuliwe mapema na zipangwe chini ya mapaa upande wa jikoni, zisingoje ukungu. Ukuta wa jikoni upande unaovuma upepo ukandikwe udongo upya kila mwaka, hata kama unaonekana mzima. Banda la mbuzi liinuliwe sakafu, maana mbuzi akilala kwenye maji anakohoa kuliko mimi. Majani ya ng'ombe yakatwe na kukaushwa kidogo. Maharagwe yapigwe siku ya kwanza mtakayoona jua, hata ikiwa mko na nguo za kanisani, mchungaji ataelewa, na yeye ana maharagwe yake. Mbegu chagueni magunzi yaliyojaa mpaka kwenye ncha, myafunge kwa maganda yake, myaning'inize katikati ya dari pale moshi unapopita mzito. Na zile mbegu zisiguswe. Hata kwenye matanga yangu zisiguswe. Watakuja waombolezaji wengi, nawajua, wengine watalia huku wanaangalia sufuria. Wapikieni ndizi.

Deni ninalo moja. Nilipokuwa hospitalini, Kitonga alililinda shamba letu la chini pamoja na lake, na mimi nilikuwa nimelala kwenye shuka nyeupe nikiletewa uji. Sylus, msimu ujao utalinda mashamba yote mawili, na Kitonga atalala kwake na mke wake. Usikatae, Kitonga, mke wako ameshakubali.

Nipe maji kidogo, Mama Sylus.

Nikifa, nizikwe upesi, hapa juu, chini ya migomba, na mrudi kazini. Kama mahindi yatakuwa bado yako shambani, shukeni kwanza mvune. Ndovu hawahudhurii matanga. Msininunulie suti, nilivaa moja siku ya harusi na ilinibana kila mahali. Koti langu la baridi apewe Kitonga, liwe la tatu.

Sauti inaniacha. Basi inukeni. Sikusema mfikirie, nimesema inukeni. Ukungu umeshafika barazani, naunusa kutoka hapa. Sylus, panda ngazi. Immaculate, shika gunia chini. Nendeni sasa hivi, nikiwa bado na macho ya kuwaona mkitoka mlangoni pamoja. Baraka zangu nitawapa mkifanya kazi, zitaingia vizuri zaidi.

Mama Sylus, niegemeze. Acha mlango wazi.

Mungu awape migongo yenye nguvu. Awape mvua ya kutosha, na jua... jua la kuanika. Watoto wenu waijue njia ya juu na ya chini. Mtu akiwapitia na njaa, asitoke kwenu nayo. Mkae... mkae mkijua kwamba baba yenu aliwapenda wote wawili, na hakupendelea, hata siku ile nguruwe alipoyakataa mahindi yetu.

Kitonga. Wamefika kwenye ngazi? Niambie wewe, mimi naona weupe tu.

Nyamaza kidogo, nisikie. Huyo ni Immaculate. Anamwambia gunia amelishika vibaya. Anamwambia mwenyewe, hajapitia kwa mama. Na Sylus anajibu... anasema alikuwa akipandisha magunia wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Ni kweli. Sasa dada anamwambia avute, aache maneno.

Hapana, Wakio, kaa. Usiende kuwaamua. Nyumba imekuwa kimya muda mrefu. Waache wagombane kidogo, nisikie.