Ndege Aliyekalia Bwawa la Bi Siok-khim

Kwenye basi la kwenda wilaya ya mashamba ya Guantian nilifumba macho, kwa sababu bwenini tunafundishana kwamba aliyelala hashtakiwi kwa kudukiza. Kiti cha mbele, Bi Siok-khim, mkulima wa njugu za majini, zile zinazozaa chini ya majani yanayoelea bwawani, alikuwa akimlalamikia mzee asiyemjua.

"Ndege kataga mayai manne juu ya majani, katikati kabisa ya bwawa! Njugu zimeiva, zikikaa siku tatu zitadondoka zizame topeni. Wavunaji nimewaita leo. Na nilishasaini mkataba na watu wa uhifadhi kwamba ndege hatasumbuliwa!"

"Livute jani hadi pembeni, dada. Linaelea hilo."

"Nililivuta jana, mungu wa ardhi anisamehe! Asubuhi nikakuta dume ameyarudisha mayai palepale, moja moja."

"Dume? Jike yuko wapi?"

"Kwa mume wa pili, bwawa la jirani."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. "Basi vuna tu. Atataga tena."

"Njoo uvune wewe, mwenye moyo wa jiwe!"

"Kwani wewe unalima njugu au unalima ndege?"

"Njugu! Huyo ndege ni mkaidi, hana adabu, na kodi halipi!"

"Sasa wavunaji utawaambia nini?"

Basi likasimama, nami nikafumbua macho. Wavunaji walikuwa ukingoni mwa bwawa, wakicheka na kugonga ndoo. Bi Siok-khim alishuka mbio, bado akimtukana ndege, kisha akaweka kidole mdomoni.

"Nyamazeni nyie! Mwenzenu anaatamia!"