Shangazi na Bawabu Aliyefungua Lango

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mkuu wa Idara ya Hadithi atarudisha kadi yake ya mlangoni na kustaafu rasmi. Cheo hicho kipo kwenye barua za ofisi tu. Humu ndani anaitwa Shangazi, kuanzia kwa Mkurugenzi hadi kwa walinzi wa getini, na ukimuulizia kwa jina lingine utaambiwa hayupo. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, fundi wa sauti, kwa sababu chumba changu kimepakana na ofisi yake na kati yetu pana ukuta wa mbao nyembamba. Mengi nitakayoyasema niliyasikia kwa masikio yangu, ingawa si yote niliyokusudiwa niyasikie.

Shangazi alitokea redioni, alikokuwa akiandika michezo ya kuigiza ya jioni. Kampuni yetu wakati huo ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na gemu la kwanza la mfululizo wetu wa Mji wa Juu lilikuwa bado jikoni. Mwanzilishi wa kampuni alimweleza kwamba wahusika wa gemu hawana maneno mengi, mistari miwili tu chini ya skrini, kwa hiyo asijichoshe. Yeye akajichosha. Kila mhusika aliyeletewa, hata muuza mishale anayetokea mara moja na kutoweka, alimuulizia maswali mawili: anataka nini na anaogopa nini. Muuza mishale huyo alimpa jino bovu ili awe na sababu ya kusema maneno machache. Wachezaji walimpenda kiasi kwamba katika gemu la pili walikuwa wanazunguka soko zima kumtafuta wamwulize hali ya jino.

Tangu hapo ameandika au kusimamia hadithi za magemu manane. Amewafundisha kazi waandishi wote tulio nao, na watatu walioibwa na washindani wetu. Amekunywa chai yangu bila kuomba kwa muda wote huo. Anavua viatu akifika ofisini na kuvivaa akiondoka, na mgeni yeyote mwenye suti akikutana naye koridoni hudhani amepotea njia. Hajawahi kuchelewa kikao hata kimoja, na hajawahi kukubali kwamba kikao hicho kilikuwa na maana.

Lakini ukitaka kumjua Shangazi, lazima uijue habari ya Bawabu.

Katika gemu la pili, maadui walitakiwa kulivunja lango la kaskazini na kuuteka mji. Lango likagoma kuvunjika. Kila likivunjwa, vipande vilipaa na kuganda hewani, na siku moja kimoja kikamwangukia mfalme ambaye tulikuwa tunamhitaji kwa magemu mawili zaidi. Siku ya kutoa gemu ilikuwa imeshatangazwa na maboksi yameshachapishwa. Mwanaprogramu wetu, akiwa hoi, akachukua mwendo wa mhusika uliokuwepo tayari, ule wa bawabu akifungua lango katika sehemu ya mwanzo ya gemu, akaubandika pale. Lango likafunguka, maadui wakaingia, gemu likatoka, sote tukaenda kulala.

Kwetu sisi lango lilikuwa limefunguka, basi. Kwa wachezaji, mtu alikuwa amelifungua. Simu zikaanza kuingia Jumatatu asubuhi, zote na swali moja: kwa nini Bawabu aliwasaliti? Hakuna aliyekuwa na jibu, maana hakuna aliyekuwa amekaa akafikiri kwamba yule bawabu ni mtu.

Ndipo tulipoanza kupiga viraka. Katika gemu la tatu tukasema alihongwa dhahabu. Wachezaji wakauliza mbona bado anaishi kwenye kibanda kinachovuja. Katika la tano tukasema alirogwa, tukasahau kwamba mchawi tuliyemsingizia alikuwa amefia katika gemu la kwanza mbele ya macho ya watu. Katika la sita tukaleta pacha. Mama yake Bawabu, ambaye hana kosa lolote katika mambo haya, alikuwa amesema zamani kwamba ana mtoto mmoja tu duniani. Shangazi alivipinga viraka vyote vitatu, akashindwa kwa kura, akaviandika kwa amri huku amenuna, na mimi upande wa pili wa ukuta nilisikia jinsi alivyokuwa anazigonga zile herufi.

Msimamo wake haukubadilika miaka yote. Bawabu alifungua, na watu waliona. "Usimwambie mtu kwamba macho yake yalimdanganya," alikuwa akiwaambia waandishi wake. Aliamini kwamba ukishatoa hadithi si yako peke yako tena, na lililokwisha kutokea limetokea. Kilichobaki ni kutafuta sababu yake. Sababu hiyo hatukuwa nayo, na jambo hilo lilimkera kama mtu aliyeacha maji yakichemka nyumbani.

Aliyeumia zaidi alikuwa mwigizaji wetu mkongwe, mwenye sauti ya Bawabu. Ni mtu mpole, mfugaji wa kuku, asiyeweza hata kumfokea jogoo. Siku moja kinyozi aliitambua sauti yake, akasimamisha mashine katikati ya kichwa na kutaka kujua ile dhahabu ilikuwa kiasi gani. Alitusimulia kisa hicho akicheka. Baada ya hapo hakuhudhuria tena mikutano ya wachezaji, maana alikuwa akizomewa kabla hajafika kwenye kiti.

Mwaka jana tukapata Mkurugenzi mpya, mwanamke makini asiyependa longolongo, naye akaleta wazo lake la gemu la nane. Tuanze upya. Hadithi yote ifutwe, isimuliwe tangu mwanzo kwa wachezaji wapya, na safari hii lango livunjwe kama ilivyopangwa, kwa kuwa kompyuta za leo haziogopi vipande. Bawabu aondolewe kabisa. Nisimwonee, alikuwa na hoja. Mgeni akituuliza nini kilitokea langoni, tulikuwa na majibu matatu na yote yanagombana.

Shangazi alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Alimpigia mumewe simu, na ukuta ukanipa yote. Alimwambia hawezi kutoka hapa huku mtu yule bado anaitwa msaliti na yeye hajui hata alikuwa anafikiri nini. Mumewe, mwalimu mstaafu mwenye subira ya ajabu, nadhani alimuuliza kama mtu huyo ni wa kweli, kwa sababu Shangazi alijibu kwa ukali kwamba kwake yeye ni wa kweli kuliko wajumbe wa bodi.

Kesho yake akaingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akaniomba nimwonyeshe ile sehemu ya zamani bila muziki. Tukaitazama, tukairudia, tukaitazama tena hadi chai ikapoa. Halafu akanishika mkono. Bawabu anapofungua, kichwa chake kinainama, macho yanatazama chini, na mkono wa kushoto unanyooka usawa wa kiuno. Wachezaji walikuwa wameliona hilo zamani, na walilitumia kama ushahidi: msaliti anawainamia maadui. Shangazi akaniambia kwamba mtu hamwinamii adui namna ile. Yule anamtazama mtu mfupi.

Tukamwita mwanaprogramu, ambaye sasa ana mvi na ofisi yenye dirisha. Akajikuna kichwa, akakumbuka. Mwendo ule aliutoa kwenye sehemu ambapo binti mdogo, mchunga mbuzi, anarudi mjini jioni, na Bawabu anamfungulia na kumgusa kichwani. Alipoubandika kwenye vita alimwondoa binti na mbuzi wake. Mkono haukuondoka. Shangazi akakaa chini sakafuni, pale pale, na viatu hana. "Kumbe alikuwa anamfungulia mtoto," alisema.

Na kweli, malisho yako nje ya ukuta. Maadui walipokuja lango likafungwa, na wachungaji walikuwa bado huko. Sisi tulioshinda miezi tukihangaika na manyoya ya mbuzi hao hatukuwahi kujiuliza nani alikuwa anawarudisha nyumbani. Hakuna kilichohitaji kubadilishwa. Lango lilifunguliwa na yeye, kwa mkono wake, na maadui waliingia nyuma ya mtoto. Mji ulianguka kwa kosa lake, na kosa lenyewe lilikuwa la kumsikia mtoto anagonga.

Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho. Akasema ni jambo zuri, ila wachezaji wataliita kiraka cha nne. Shangazi akamjibu kwamba hatutawaambia kitu. Tutawasimamisha langoni, mchezaji mwenyewe awe Bawabu, komeo mbele yake, na nje mtoto anagonga. Afanye atakalo. Mkurugenzi akaweka sharti: waitwe wachezaji wakongwe, wanaojua fika kwamba maadui wako njiani. Wengi wakiliacha lango limefungwa, sehemu hiyo inatupwa na tunaanza upya bila Bawabu. Shangazi akakubali papo hapo, bila kutuuliza sisi tuliokuwa tumeshikilia viti.

Tukaingia kazini. Nilimrekodia milio kadhaa ya kugonga mlango, akaikataa yote. Ilikuwa inatoka juu mno, kasema, mtoto hagongi hapo. Akapiga magoti mbele ya mlango wangu wa stoo, mwanamke wa karibu miaka sitini, akaupiga kwa kiganja wazi kule chini. Mlio mtakaousikia kwenye gemu ni wake. Kisha akaja mwigizaji. Alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu ya kujitetea, na Shangazi akampa neno moja, lile ambalo Bawabu huwaambia wachungaji kila jioni: "Nakuja." Alilisema mara moja. Halafu akabaki amesimama mbele ya maikrofoni, akaomba atoke kidogo apenge kamasi. Mimi nami nilipata shughuli ya kukaza waya ambao haukuwa umelegea, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Siku ya majaribio walikuja wachezaji kumi na wawili. Miongoni mwao alikuwamo yule tunayemwita Hakimu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na kipindi chake mtandaoni cha kumshtaki Bawabu, sehemu kwa sehemu. Sisi tulikaa nyuma ya kioo, Mkurugenzi katikati. Mlio wa kiganja ukaanza. Mmoja akasema "Jamani, msinifanyie hivi," akafungua. Mwingine akaitukana kampuni nzima, akafungua. Dada mmoja alifungua haraka hivi kwamba kidhibiti cha mchezo kilimponyoka mkononi. Hakimu akakunja mikono kifuani. Alijua mchezo, na hakuwa mtu wa kutegwa.

Wenzake wakaendelea, yeye akakaa. Mtoto akagonga. Mbuzi wakalia. Mtoto akagonga tena, polepole zaidi, na baadaye hakugonga.

Hakimu aliitazama ile skrini tulivu, akakunjua mikono, akakichukua kidhibiti na kubonyeza kila kitufe. Lango likafunguka na nje hapakuwa na mtu. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akaomba arudishwe nyuma. Msimamizi akamwambia kwamba kwenye majaribio haturudi nyuma. "Mara moja tu, kaka," akasema, "nimeshaelewa."

Mkurugenzi hakusubiri kura zihesabiwe. Alisimama, akamuuliza Shangazi sehemu hiyo itakamilika lini, na mpango wa kuanza upya hajautaja tena. Gemu la nane linatoka na lango lile lile. Viraka vyetu vya zamani navyo vimepata kazi ya heshima: dhahabu, uchawi na pacha vitasikika midomoni mwa wenyeji wa Mji wa Juu, kama maneno ya watu waliopoteza nyumba zao na kutaka wa kumlaumu. Mwigizaji amekubali kwenda kwenye mkutano ujao wa wachezaji, na ameomba kiti cha mbele.

Mkurugenzi alimsihi Shangazi aongeze mwaka mmoja. Alikataa kwa upole, akisema mumewe amemsubiri vya kutosha na yeye anataka ajue usingizi wa mchana una ladha gani.

Kwa miaka yote hii, mchezaji akikutana nasi aliuliza Bawabu alilipwa kiasi gani. Siku ile kumi na wawili wale walitoka chumbani wamejaa koridoni, Hakimu mbele yao, na hakuna aliyeuliza habari ya dhahabu. Waliuliza kama mtoto alipona. Sisi waandishi na mafundi tukamgeukia Shangazi, kama tulivyozoea. Alikuwa ameinama anavaa viatu vyake. "Mimi nastaafu," akawaambia wachezaji, "waulizeni hawa." Akachukua mkoba, akaondoka.

Basi Shangazi, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kutotuacha tuongope kirahisi. Tumeshaanza kugombana kuhusu jibu, na ukuta wangu haujapata kusikia kelele kama hizi. Nenda kapumzike na mzee wako kwa afya na furaha, na siku zako ziwe ndefu na nyepesi. Ukiwa huko nyumbani na jibu likakujia, tafadhali usitupigie simu. Tuache tumtafute mtoto huyo wenyewe, na tukimpata, wewe ndiye wa kwanza tutakayemwambia.