Taa Nane za Kiberiti

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya karakana ya pikipiki. Bawaba zake hazijang'olewa, kwa hiyo anayekaa ncha ya kulia aangalie suruali yake. Hapo hukutana kila jioni watu wasioweza kukubaliana hata kama leo ni leo. Spana, mwenye karakana, hukaa katikati kwa madai kwamba kiwanja ni chake. Mzee Futi, fundi cherehani aliyestaafu, bado anavaa utepe wa kupimia shingoni, asije akaitwa kazini ghafla. Mama Buli huwamiminia kahawa na kuwasikiliza kwa uso wa mtu aliyekwisha kuyasikia yote. Jumatatu hiyo benchi lilikuwa halikaliki. Kiberiti na Besi, washirika wa muziki na taa, walikuwa wamekaa huku na huku, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Kiberiti aliitwa hivyo kwa sababu ya hasira zake, kabla hata hajanunua taa. Na hasira za safari hii zilikuwa na sababu. Jumamosi iliyopita ilikuwa harusi ya mdogo wake wa kike, wa pekee. Baba yao alikuwa marehemu, na bibi harusi alikuwa amemwomba kaka yake amshike mkono amwingize ukumbini. Kiberiti akakataa, tena kwa upole. Nani angeendesha taa? Kazi ya kushika mkono akamwachia baba yao mdogo, yeye akabaki na laptopu.

Alikuwa ameipata templeti mtandaoni, yaani mpangilio wa taa uliotengenezwa na mtu mwingine, ambao ma-DJ wa kuhamahama huupakua na kuurekebisha ulingane na vyombo vyao. Aliichokonoa wiki nzima. Alibadili rangi, akaviandika vitufe upya, Kuingia, Kula, Kucheza, na juu kabisa akaweka jina lake kwa herufi za dhahabu. Kisha bibi harusi akafika mlangoni, Kiberiti akabonyeza Kuingia, na ukumbi ukawa giza totoro. Bibi harusi aliingia kwa kupapasa, akajikwaa kwenye kiti, upindo wa gauni ukachanika. Mtu alipowasha taa za kawaida za ukumbi, bibi harusi alikuwa amekwisha kufika mbele na kukaa. Tangu siku hiyo hapokei simu ya kaka yake.

— Ni waya, alisema Kiberiti akiitazama barabara. Kuna mtu aliukanyaga. Simtaji, ila anapenda kuvaa viatu vya soli nene.

— Waya gani? alijibu Besi, naye akiuzungumzia ukuta. Taa ziliwaka kabla, na wakati wa kucheza zikawaka tena. Waya uliokatika unajiunga wenyewe?

— Hukuukata, uliukanyaga. Ukaja ukatoa mguu.

— Mficha uchi hazai, alisema Spana.

Mzee Futi alimuuliza hiyo methali imeingiaje hapo. Spana akasema imeingia vizuri sana, tena kwa mlango wa mbele. Anayeficha kitu ni meneja wa ukumbi. Ana swichi chini ya zulia, na kila akiona watu wameleta taa zao anapita juu yake kwa kisigino, ili safari nyingine wakodi za kwake.

— Ulimwona? aliuliza Mzee Futi.

— Giza lile ningemwona vipi? Ndiyo ushahidi wenyewe.

Mama Buli alicheka puani na kumjazia kikombe. Mzee Futi alijiweka sawa, akaushika utepe wake kwa mikono miwili, akasema wao ni vijana, hawajui kwamba nguo ya mtu hubaki na tabia ya mwenyewe. Templeti ni patani tu, ile karatasi ya kukatia nguo, na patani inamkumbuka aliyekatiwa. Huyo aliyeitengeneza huko kwao, alisema, bila shaka bibi harusi alimkimbia mlangoni. Kwa uchungu akashona giza mle ndani, na kila atakayeitumia atalikuta.

— Haba na haba hujaza kibaba, alimalizia, na safari hii hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumuuliza.

Spana hakukubali kushindwa kwa uongo. Alisema mtu huyo hakuishia kushona. Programu zote zinazungumza na waliozitengeneza, kwa hiyo jamaa yuko kwake amejifunika blanketi, anaona kabisa kwamba sehemu fulani kuna harusi inaingia, na anazima yeye mwenyewe kwa kidole. Besi akaongeza kwamba huenda ndivyo, maana usiku ule hata spika zilikuwa na sauti ya mtu anayepumua. Hapo Kiberiti akageuka.

— Sasa unamsingizia nani? Juzi ulisema umeme. Jana ukasema mimi nimelewa. Leo kuna mtu anapumua kwenye spika.

— Nilisema ulikuwa umechoka.

— Ulisema nimelewa, Besi. Ulimwambia mama yangu.

Besi aliugeukia ukuta tena, na mgongo huo ukamuudhi Kiberiti kuliko jibu lolote. Kiberiti alikuwa amesemwa na kila mtu. Mama yake alimwambia mbele ya mashangazi kwamba mwanamume mzima ameshindwa kumwashia dada yake taa. Baba mdogo, ambaye goti lake lilivimba kwa kugonga meza gizani, alikuwa akilionyesha goti hilo kwa kila mgeni. Na mdogo wake, aliyezoea kumpigia simu hata kuuliza chumvi kiasi gani, hakusema lolote. Lazima awepo wa kulibeba hili, na Kiberiti alikwisha kuamua si yeye.

— Basi tuvunje, alisema. Chukua spika zako, mimi nachukua taa zangu.

— Chukua. Zote nne.

— Nne ndiyo. Zinanitosha.

Mzee Futi aliwaambia wakae chini, ushirika wa miaka hauvunjwi juu ya kahawa. Kiberiti hakukaa. Alichomoa laptopu kwenye begi, akaifungulia mapajani pa Spana, akasema leo kila mtu ataona kwa macho yake kama kosa ni lake. Kwenye kioo ukatokea ukumbi uliochorwa, viti vimepangwa, njia ya katikati iko wazi, na taa pande zote. Akabonyeza Kuingia. Taa za nyuma zikawaka taratibu, rangi ya asali, mpaka njia yote ikang'aa.

— Sasa hii ina ubaya gani? alisema Spana, kwa heshima kabisa.

Mzee Futi alisema ni kazi safi, hata yeye angeolewa. Kiberiti alikuwa tayari kutabasamu. Ndipo alipoziona namba zilizoandikwa kwa udogo chini ya taa. Moja mpaka nne zilikuwa nyeusi. Zilizokuwa zinawaka ni tano mpaka nane.

Templeti ilikuja na taa nane. Yeye anazo nne tu, namba moja mpaka nne. Nne za ziada alipaswa kuzifuta, na alilijua hilo tangu siku ya kwanza, lakini alipozifuta kioo kilionekana kitupu, kazi ya mtu maskini, akazirudisha. Kucheza alikuwa amekujaribu uani kwa taa zenyewe, na majirani wakapiga makofi. Kuingia alikurekebisha kitandani, taa zikiwa begini, akitazama kioo tu. Aliifunga laptopu kabla Besi hajageuka.

— Mmeona, alisema, na sauti yake ikapanda juu zaidi. Kwangu iko sawa. Mtu alikanyaga waya.

Besi alisimama, na pengine wangeshikana mashati kama si Mama Buli kusema taratibu kwamba kuna mgeni.

Alikuwa ni bibi harusi, katika gauni la kawaida na kandambili, ameshika koti ambalo kaka yake alilisahau ukumbini. Akamwamkia Mzee Futi shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, na hapohapo benchi zima likamvamia kwa pole. Spana alimweleza habari za swichi chini ya zulia. Mzee Futi alianza na patani. Besi aliapa kwamba hakukanyaga chochote, kwamba wakati ule alikuwa amepiga magoti chini ya meza akiutafuta huohuo waya. Kiberiti alisema kwa ukali kwamba yuko tayari kurudi na taa, harusi ipigwe picha upya, na kwamba aliyeharibu atalipa kwa njia moja au nyingine.

Bibi harusi aliwasubiri wote wamalize.

— Kaka, mimi sikuja kwa ajili ya taa, alisema. Uliniona nikiingia?

Spana aliangalia simu yake, ambayo Jumamosi ile ilikuwa imerekodi giza mwanzo mpaka mwisho. Mzee Futi alianza kukunja utepe. Kiberiti aliitafuta hasira yake akaikosa. Dakika zile zote alikuwa amekiinamia kioo, akiifurahia njia iliyong'aa, isiyo na mtu. Alipoinua kichwa, mdogo wake alikuwa amekwisha kukaa.

— Templeti ina taa nane, alisema hatimaye, mbele ya Besi, mbele ya wote. Mimi ninazo nne. Sikuzifuta zile nyingine. Ni mimi.

— Sijauliza hilo, kaka.

Alibaki amesimama pale na koti mkononi, akimtazama usoni, akisubiri jibu lake.