Meno ya Kulalia ya Muganga Modeste Lubunga

Muntu tunayemuzika leo, Modeste Lubunga, alizaliwa Mulongwe, Uvira, tarehe 9 Machi 1957, mutoto wa muvuvi Frédéric na mama Georgette. Kwa baba yake alirithi mikono mitulivu na mukoromo wa kutikisa ukuta.

Alisoma shule ya msingi hapo Mulongwe, kisha uganga wa meno Bukavu, akamaliza mwaka 1981.

Tarehe 13 Agosti 1988 alimuoa Charlotte. Usiku wa kwanza bibi arusi alikimbia kumuamsha mama mukwe: "Mama, mutoto wako iko anakufa, pumzi imekatika!" Mama Georgette hakuinua hata kichwa. "Hafi. Baba yake amenifia hivyo tangu anioe. Rudi ulale." Charlotte hakulala. Alikaa akimuchoma kidole ubavuni kila pumzi ilipokatika, na muchana akasinzia juu ya sufuria.

Kwa kumuhurumia mwanamuke huyo, marehemu alikwenda Bujumbura mwaka 1990 kufunzwa tiba ya pumzi inayokatika usingizini. Aliporudi, alichukua umbo la meno ya mugonjwa kwa plasta, akachonga vibao viwili vya plastiki ngumu, cha juu na cha chini, vilivyoshikana ili taya lisogee mbele na koo lisijifunge. Watu waliviita meno ya kulalia. Ya kwanza alijitengenezea mwenyewe. Yalimutoa udenda na kumuumiza taya, akayapiga tupa kidogo kidogo mpaka yakakubali. Mugonjwa akilalamika, alimujibu: "Hata kiatu kipya kinabana. Rudi juma lijalo, nitasogeza." Norbert, mubadilishaji pesa wa Kavimvira aliyekuwa akisinzia na noti mukononi, alipona kwake. Lakini meno haya hayaazimwi: kila muntu na kinywa chake.

Vita vilipoingia mujini Oktoba 2002, marehemu alikimbia na Charlotte, kitoto chao Délice (wakubwa walikuwa wametangulia na mama Georgette), na majirani, Norbert akiwemo. Kwenye bariyere, kizuizi cha barabarani, muntu wa bunduki alimutoa kikasha mufukoni, akajivika meno ya kulalia, wenzake wakacheka. Marehemu aliomba kwa adabu arudishiwe. Yule akayatema chini na kuyakanyaga.

Walitembea usiku kuelekea Bijombo, kule milimani, muchana wakajificha na kulala korongoni. Siku ya kwanza Charlotte alimushika mume wake taya kwa vidole, akilivuta mbele alivyofundishwa, mutoto akinyonya. Hakuna aliyesikia kitu. Siku ya pili, tarehe 16, usingizi ulimushinda mama wa watu, mukono ukaanguka, mukoromo ukajaa korongo. Norbert ndiye aliyeamusha kundi. Kwanza alitoa kinywani meno yake ya kulalia, kazi ya mikono ya marehemu, apate kusema vizuri.

"Muganga, weye utatuua wote. Uende ulale kule ng'ambo."

Wengine waliangalia chini. Charlotte akasimama. "Minye naenda naye."

"Na mutoto akilia kule?" Norbert akamuuliza.

Marehemu alimwambia abaki amunyonyeshe. Akavuka peke yake. Tunaamini alijitahidi asilale, lakini alikuwa amechoka kama wote. Walisikia mukoromo wake kwa mbali, kisha risasi. Norbert alikuwa amekwisha kurudisha meno kinywani.

Ndivyo alivyofariki, bila ugonjwa mwingine. Wakulima walimufunika kwa mawe palepale. Sasa njia imefunguka, tumemuteremusha nyumbani.

Anaacha mama yake Georgette. Watoto wake Osée, Aline, Bertrand na Délice. Na mujane wake Charlotte, ambaye anasema mukono wake ndio ulimuua. Mukono ule haukuua muntu, na familia inasema hivyo mbele ya wote. Anaacha pia wagonjwa wengi wanaolala kimya. Mumoja wao tumemupa kiti cha mbele, maana adabu ni adabu.

Modeste wetu alale sasa. Na akorome apendavyo. Hapa hakuna wa kumufukuza.