Bi Mkanda na Vidonge Vyake Vinane

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, msimamizi wetu wa zamani wa magari atavua koti lake la buluu na kustaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha wauguzi wa majumbani kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye faili halitumiwi na mtu. Sote tunamwita Bi Mkanda, kwa sababu gari halikuwahi kutoka uani kabla hajainama dirishani kuhakikisha dereva amefunga mkanda. Nimeombwa niandike wasifu huu wa kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga kwa kuwa tulikaa naye chumba kimoja miaka mitano, mimi nikiwa karani wa zamu, yaani mgawa funguo. Niliambiwa niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajaribu, ila nisiwadanganye: uchangamfu sina mwingi.

Alianza kama dereva, mwanamke pekee kati ya madereva kumi na wawili. Kwenye usaili aliulizwa kama anaweza kubadili tairi. Akainuka, akatoka nje, akarudi baada ya robo saa mikono ikiwa myeusi tititi, akamweleza mwenyekiti wa jopo kwamba tairi lake la nyuma lilikuwa na msumari na sasa halina. Kazi akapata papo hapo. Miaka kumi na minne baadaye alikabidhiwa magari yote ya kituo, na wale waliokuwa wakimcheka wakaanza kumwamkia asubuhi na mapema.

Tulikuwa na magari makubwa sita tu, na nusu ya siku ya muuguzi iliishia kutafuta pa kuegesha. Mgonjwa anasubiri sindano ghorofa ya tatu, muuguzi anazunguka mtaa mara ya nne, anawalaani wenye magari wote duniani. Bi Mkanda ndiye aliyewashawishi wakubwa wanunue vile vigari vya viti viwili, vyeupe, vya mviringo, vilivyozidi kitanda cha wodini kwa shubiri mbili hivi. Vilikuja vinane. Siku hiyohiyo wauguzi wakavibatiza Vidonge.

Jamani, vilitufaa! Kidonge kiliingia kichwa mbele kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, kikakata kona za vichochoro ambavyo gari kubwa lilikuwa halithubutu hata kuvichungulia. Muuguzi aliyekuwa akifika nyumba sita kwa siku akafika tisa. Kiti kimoja chake, cha pili cha mkoba wa dawa, na mkoba nao ulifungwa mkanda, la sivyo ungemsikia Bi Mkanda. Mzee mmoja aliyekuwa akitibiwa kidonda alitoka mlangoni kukitazama, akauliza nusu iliyobaki italetwa lini. Na Bi Mkanda mwenyewe, kwa urefu ule aliojaliwa, wiki ya kwanza alikiendesha magoti yakigusana na usukani, uso umekauka kama anayeendesha lori. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Hata hivyo hakuvipenda kwa upofu. Kila dereva mpya alikalishwa chini na kuonyeshwa kopo la maziwa ya unga lenye yai ndani. Bi Mkanda alilibamiza kopo ukutani. Kopo halikupata hata mkunjo, yai likawa uji. Alieleza kwamba gari refu lina boneti ya kujikunja na kumeza kishindo kabla hakijamfikia mtu, lakini Kidonge hakina boneti ya maana. Fremu yake ya chuma ni ngumu kwelikweli, mifuko ya hewa ipo, na kwa mwendo wa mitaani inatosha. Ukigongwa na kitu kizito kinachokwenda kasi, gari litabaki na umbo lake, wewe je? Kwa hiyo akapiga marufuku: Kidonge kisikanyage barabara kuu ya malori, hata kwa dakika moja.

Hapo ndipo kosa lilipopenyea. Wakubwa waliogopa kwamba wauguzi wakiisoma marufuku hiyo watavikataa vigari vyenyewe, wakamwomba asiiandike kwenye mwongozo. Akakubali, kwa sababu alivitaka sana. Badala yake akafunga uzi mwekundu wa sufu kwenye kila ufunguo wa Kidonge, na maana yake akatufundisha kwa mdomo. Tuliielewa wote. Mimi niliielewa kuliko wengine, maana funguo zilipita mkononi mwangu.

Miaka minne iliyopita, Jumatano moja saa sita mchana, magari makubwa yote yalikuwa nje. Ikaingia simu ya mgonjwa wa sukari ng'ambo ya barabara kuu, hali yake mbaya. Aliyekuwa tayari ni muuguzi tuliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Kwa kuzunguka mitaani angetumia dakika hamsini, kwa barabara kuu kumi na mbili. Alinikumbusha kuhusu uzi. Nikamwambia apite tu, mara moja haiui. Nikamwekea ufunguo kiganjani.

Lori liliyumba kukwepa shimo, likamkuta uso kwa uso. Fremu haikupinda, kama Bi Mkanda alivyosema siku zote. Miguu ya Chiriku ndiyo iliyovunjika, yote miwili, na nyonga. Alilala hospitali miezi mitano. Mgonjwa wa sukari alipelekwa hospitali na jirani yake, akapona.

Taarifa ya ajali, ambayo kila mmoja wetu aliisoma ubaoni, inasema kwamba msimamizi wa magari aliidhinisha safari ile kwa simu. Kwa sababu ya sentensi hiyo moja, Bi Mkanda alivuliwa usimamizi akapelekwa bohari ya vipuri, nyuma kule kusiko na dirisha, na huko ndiko alikomalizia utumishi wake. Wengine mliacha kumsalimia. Niliwaona.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumatano ile Bi Mkanda hakuwepo kazini. Alikuwa makaburini akimzika dada yake. Simu nilimpigia mimi, baada ya ajali, nikilia, na nyuma yake nilisikia watu wakifukia. Aliniuliza kwanza kama Chiriku yu hai. Kisha akaniuliza kama bado niko kwenye mkataba wa muda, nami mke wangu alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia. Akaniamuru niandike kwamba aliniruhusu. Akasema marufuku isiyoandikwa ni kosa la aliyekubali isiandikwe, na huyo ni yeye. Mimi, badala ya kukataa, nikashukuru. Sentensi ile ni ya mkono wangu.

Kwa miaka minne nilimpelekea chai bohari na kujiona mwema. Hakuwahi kunitupia neno wala jicho baya. Aliendelea kukagua matairi na betri, na kila mara aliuliza kama madereva wapya wanaonyeshwa yai. Mwishoni mwa mwaka uliopita marufuku iliandikwa hatimaye kwenye mwongozo, ukurasa wa kwanza, maneno yaleyale aliyokuwa akituambia. Jina la mwenye maneno halikuwekwa.

Wiki iliyopita nilikwenda mapokezi, anakofanyia kazi Chiriku siku hizi na gongo lake kando ya kiti, nikamwambia kila kitu. Nilidhani nampa habari mpya. Alinitazama, akasema anakumbuka vizuri sana nani alimpa ufunguo. Bi Mkanda alimsihi anyamaze, akanyamaza, lakini alikuwa akisubiri niseme mwenyewe. Halafu akapokea simu iliyokuwa ikilia, akaendelea na kazi. Aibu niliyoiona pale sitaisahau.

Jana asubuhi nilimkabidhi mkurugenzi barua yangu. Nimeeleza kilichotokea, nimeomba taarifa ya ajali isahihishwe, na adhabu yangu naingoja. Bi Mkanda hajui. Atayasikia haya pamoja nanyi, amekaa safu ya mbele, na nina hakika atanikasirikia mbele ya wageni. Ninawaomba jambo moja: waliomnyima salamu wasisubiri sherehe iishe. Nendeni sasa, mumpe mkono.

Bi Mkanda, kwa wauguzi uliowafikisha na kuwarudisha salama miaka yote hii, kituo kizima kinakushukuru. Tunakutakia afya, usingizi mzuri na wajukuu wasikivu. Ulinibebea mzigo ambao haukuwa wako, nami nikakuacha uubebe, na kwa hilo nakuomba radhi mbele ya watu wote. Nenda na jina lako safi, mama. Kosa niachie, ni langu.